Dada Yangu Anataka Tubadilishane Mapacha

Mama Musimbi, mimi ni msomaji wako wa kila Jumamosi hapa Pioneer, Eldoret, gazeti huwa nalisoma dukani kabla sijalitumia kufungia watu mayai, na sikuwahi kufikiria siku moja nitakuandikia, lakini leo nimefunga mlango wa duka mchana kweupe, watu wanagonga wakitaka maziwa na mimi nimejifanya siko, kwa sababu nikiendelea kukaa na jambo hili peke yangu nitapasuka, kwa hivyo nakuomba unishike mkono kabla shule hazijafunguliwa Januari, na majina yetu unaweza kuyaacha yalivyo, watu wa huku wanatujua na hadithi hii wameshaisikia vibaya tayari.

Naitwa Wacera. Mdogo wangu anaitwa Nyaguthii, ameolewa na Thuo na wanaishi Sugoi, wanalima mahindi kwa shamba la kukodi na msimu ukiwa mbaya wanalimia watu. Mimi Mungu hakunipa mtoto, lakini yeye alimpa wawili kwa siku moja, wasichana wanaofanana mpaka nesi akawafunga utepe mkononi ili wasichanganywe, na kwa desturi yetu Wakikuyu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba na wa pili jina la mama ya mama, kwa hivyo aliyetangulia akaitwa Kabura, jina la mama yake Thuo, na aliyemfuata akaitwa Waiyego, jina la mama yetu. Maziwa ya Nyaguthii hayakuwatosha, akaniomba nimlee mmoja, na hakuna aliyeuliza ni yupi, nilimbeba Waiyego, kwa sababu kwetu mtoto akibeba jina la mama yako huyo ni mama yako, unamsalimia hivyo na kumheshimu hivyo, sasa ningeachaje mama yangu alale njaa Sugoi na mimi niko na duka mjini.

Basi Waiyego akakua kwangu, mimi ananiita Mami na mama yake mzazi anamwita Mum wa Sugoi, na hakuna aliyefichwa chochote. Mume wangu Isaiah anauza spea za bodaboda, na kati ya duka lake na langu tulijikaza tukampeleka shule ya kibinafsi, ile unachukuliwa na basi mlangoni, uji saa nne, kila mtoto na kitabu chake, na mwalimu anakutumia ujumbe kwa simu mtoto akipiga chafya. Kabura naye akaenda shule ya karibu na kwao, karibu kwa maana ya Sugoi, yaani kutembea kwa miguu, na wakati wa palizi anakosa, wakati wa kuvuna anakosa, na pesa ya chakula cha shule ikichelewa anarudishwa nyumbani na wenzake wengine wenye shida kama yake.

Waiyego alikuwa anapita, Mama Musimbi, kupita kwa kung'ara, na Kabura kila muhula tulisikia ni mtoto mzuri, mtulivu, hana makosa, lakini kitabu hakimwingii. Na sisi kama familia tulikuwa na maelezo yetu ambayo hakuna aliyeyapinga. Mama yetu Cucu Waiyego, cucu kwetu ni nyanya, alikuwa mwekahazina wa kina mama kanisani na alisoma Biblia bila miwani hadi siku zake za mwisho, na Cucu Kabura, mama yake Thuo, hakukanyaga darasa, alikuwa mtu mzuri sana lakini mtu wa jembe, kwa hivyo tukasema kila mtoto amemfuata mwenye jina lake, mmoja wa kitabu na mwingine wa shamba. Tulisema hivyo mbele ya watoto wenyewe, tukicheka, tukipitishiana chai, na Nyaguthii mwenyewe alikuwa anasema, Thuo peke yake ndiye alikuwa ananyamaza.

Sasa likizo hii ya Novemba, wote wakiwa wamemaliza Gredi ya Sita, nikamwomba Kabura aje akae na dada yake. Siku za kwanza sikuona kitu, msichana anaamka mapema kuliko kuku, anafagia, anauliza kama kuna maji ya kuchota na mimi nina mfereji ndani ya nyumba. Halafu ikanyesha mchana mzima, hakuna mteja, Waiyego akakaa kwa veranda akamsomea mwenzake kitabu cha hadithi, na kesho yake nikiwa jikoni namenya viazi na Kabura nikamwambia anisimulie ile hadithi yao, nikidhani ataniambia ilihusu sungura ama nini. Akaanza. Mama Musimbi, alinipa ile hadithi neno kwa neno, na sauti za watu, na pale Waiyego alikuwa amekosea kusoma akarudia naye akikosea vile vile, hakuacha kitu, viazi vikaisha na yeye anaendelea, na mimi nikawa nimeshika kisu tu. Nilimuuliza amejifunzia wapi, akaniambia, "Tata," ndivyo tunavyoita dada ya mama, "kwani si ndivyo watu husomanga? Mwalimu akisema unashika, juu hatarudia."

Sikuelewa. Nilifikiri ni kipaji tu cha kushika maneno, na nikamwambia Isaiah jioni, akasema labda atakuwa mhubiri.

Wiki iliyofuata mvua ikapungua na hao wasichana wakaamua wamchezee Isaiah, wabadilishane nguo, Kabura ampelekee chai kule kwa spea kama yeye ni Waiyego. Waiyego huvaa miwani. Alianza kuvaa akiwa Gredi ya Pili, kwa sababu shule yao huleta wapima macho, tukaitwa, tukaambiwa mtoto haoni mbali, Isaiah akalipa na siku ile ile tukasahau. Na naomba unisikize vizuri hapa, hao ni mapacha wa kufanana mpaka kucha, na katika miaka hii yote sikuwahi kufikiria hata mara moja kwamba kuna macho mengine kama yale Sugoi.

Basi Kabura akavaa gauni, akavaa miwani ya mwenzake, akachukua chupa ya chai, akafika mlangoni mwa duka akasimama. Mwanzo nilidhani anaigiza. Nikamwambia aende, chai itapoa. Hakusonga. Akaanza kusoma mabango ya ng'ambo ya barabara, polepole kama mtu anayeogopa kuyaamsha, "Kinyozi. Tunachaji simu. Mutura moto hapa," akasoma hata yale maandishi madogo ya rangi iliyochujuka kwa ukuta wa kanisa, halafu akainua macho akaangalia ule mjakaranda uliopo mbele ya duka, akaangalia, akaangalia, chupa ikaanza kumtoka mkononi, nikaishika.

Akasema, "Tata, kumbe huu mti uko na majani moja moja."

Waiyego akacheka, akamuuliza, "Kwani wewe unaonanga aje?"

"Mimi naonanga tu kitu ya kijani. Kwani watu wote huonanga hivi?"

Waiyego akaacha kucheka. Akamuuliza na kwa darasa je, ubao alikuwa anausomaje. Na Kabura akajibu bila huruma yoyote kwa nafsi yake, vile mtu anakueleza njia ya kwenda sokoni, "Mimi nilidhani ubao ni ya wale wa mbele. Sisi wa nyuma tunasikizanga tu."

Nilikaa juu ya gunia la sukari, Mama Musimbi. Niliingiwa na ile hofu unayoipata kanisani siku watu wote wananyamaza pamoja. Kwa shule yao kitabu kimoja kinazungushwa dawati zima, kinachobaki ni ubao, na huyu mtoto hajawahi kuuona ubao, amepita kutoka gredi moja hadi nyingine kwa masikio, kila hesabu, kila ramani, kila jina la mto, amebeba yote kichwani kwa sababu alidhani hiyo ndiyo shule, na sisi tulikuwa tumekaa na chai tukisema amemfuata Cucu Kabura.

Siku zilizofuata waligawana ile miwani, huyu akivaa yule anangoja, na nikaona mambo ambayo sijui niyaite nini. Waiyego alimfundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa kukata chapati, na Kabura akishaelewa anatulia kidogo halafu anamfundisha Waiyego njia fupi ambayo Waiyego hakuwa nayo. Kabura alimaliza vitabu vya kabati, akamaliza magazeti yangu ya kufungia mayai, hata wewe amekusoma. Wakiwa wameinamia kitabu kimoja huwezi kujua ni yupi niliyempeleka na basi na ni yupi aliyekanyaga matope. Nilikuwa nasimama kwa pazia nikiwaangalia, na nikiri kwako, furaha ilikuwepo lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kwa sababu miaka yote hii nikiambiwa na wazazi wenzangu "huyo wako ana akili" nilikuwa naipokea hiyo sifa kama yangu.

Halafu Kabura akaongea na mama yake kwa simu, akamweleza yote, mabango, mti, ubao. Halafu Nyaguthii akaomba kuongea na mimi, na hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Wacera, umekaa na mmoja miaka hii yote na sijawahi kukuuliza kitu. Sasa ni zamu ya mwingine. Januari tubadilishane. Kabura akuje huko, Waiyego arudi kwangu." Nikamwambia hebu tuongee pole pole, akaniambia, "Wote si ni wangu? Ama kuna mwenye alikatwa kwa kitambaa ingine?" Akakata.

Isaiah nilipomsimulia alisema mtoto si gunia la viazi ati unashusha hili unapandisha lile, na alisema pia, na ni kweli, kwamba shule hiyo hatuwezi kulipia wawili hata tukiuza meza tunayokulia. Lakini aliyenimaliza ni Waiyego. Alikuwa amesikia. Alikuja akasimama kando yangu nikipanga mikate na akaniuliza kwa adabu, "Mami, mimi naweza kwenda. Nataka tu kujua, miwani nitaenda nayo ama nitamwachia?"

Na sasa nikuambie nilichofanya, unihukumu. Niliogopa. Kesho yake asubuhi nilimwambia Kabura mama yake anamhitaji, na haikuwa kweli, nikampeleka stage na nguo zake kwa mfuko, na kabla hajapanda gari nikanyoosha mkono nikamtoa ile miwani usoni, nikamwambia ni ya dada yake. Hakulia. Alisema tu, "Asante Tata, nimeona," akapanda, na najua alipokaa dirishani na mimi nikipunga mkono hakuweza kujua ni yupi mimi kati ya watu waliosimama pale.

Tangu siku hiyo Waiyego hataki kuvaa miwani. Iko juu ya friji, anaipita. Nyaguthii hachukui simu yangu. Nikimrudisha Waiyego namtupa mtoto niliyemlea, nikikataa nimemfunga Kabura gizani na mikono yangu, na Januari inakuja. Mama Musimbi, nifanye nini?

Wacera, Pioneer, Eldoret.

Mama Musimbi anajibu:

Wacera, barua yako niliisoma nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi nikaisoma tena. Kwa meza hii nimeletewa waume watoro, wakwe wakorofi na mashamba ya urithi, na sijawahi kuletewa jambo la kuninyamazisha hivi. Mtoto amekaa darasani tangu akiwa mdogo, haoni ubao, hana kitabu, anatolewa kwenda palizi, anarudishwa kwa sababu ya pesa ya chakula, na bado amefika mwisho wa Gredi ya Sita akiwa na kila kitu alichoweza kukisikia. Mimi hata ungenipa miwani na kitabu sidhani ningefanya hivyo. Mlikuwa na ajabu nyumbani na mkaiita mtu wa jembe.

Kule chuo kikuu Chepkoilel wasomi wanaweza kuandika makaratasi yao juu ya mapato ya familia na matokeo ya watoto shuleni. Wewe uliletewa jibu dukani limevaa gauni la dada yake. Uso mmoja, damu moja, siku moja ya kuzaliwa, na tofauti yote iliyobaki ni nani alikunywa uji saa nne na nani alikuwa anapalilia. Pesa yako haikumnunulia Waiyego akili, dada. Ilimnunulia mtu wa kugundua kwamba haoni. Kabura alikosa mtu huyo, na pale alipomkosa, mkatafuta maelezo makaburini. Mwache Cucu Kabura wa watu apumzike, maana hata yeye hamjui angesoma namna gani kama mtu angempeleka shule.

Sasa nikuchape kidogo. Kumtoa mtoto miwani usoni ni ukatili, Wacera, na sitatafuta neno laini. Wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana umefunga duka. Najua pia kwa nini ulifanya. Uliona mtoto uliyemlea anauliza habari za safari kama mgeni anayeaga, ukashikwa na hofu, ukakimbilia kuondoa kile kilicholeta maneno hayo. Hofu hiyo ni ya mama na sikucheki. Lakini ulimlipisha mtoto ambaye tayari alikuwa amelipa kuliko nyinyi nyote.

Na kuna hofu nyingine umeiandika kwa haraka ukidhani sitaiona. Unaogopa kwamba Kabura akipata nafasi, ile sifa ya "huyo wako ana akili" itapungua kidogo. Acha ipungue. Waiyego bado ni mtoto mwerevu, na tena ana kitu kikubwa zaidi, kwa sababu ni yeye pekee katika nyumba yenu aliyeuliza swali la maana, miwani atabaki nayo nani. Mtoto anayeuliza hivyo umemlea vizuri, na hiyo sifa ichukue yote ni yako.

Nyaguthii ana haki ya kukasirika lakini dawa yake ni mbaya. Mkibadilishana, Sugoi bado kutakuwa na msichana mmoja aliyeachwa nyuma, na huyu atakuwa anajua hasa ameachwa nyuma ya nini. Watoto si watu wa zamu. Isaiah hapo amesema kweli, ingawa kweli yake imemfikisha nusu ya njia. Anahesabu shule moja ya bei kali mara mbili na kuona haiwezekani. Ni kweli haiwezekani. Basi iacheni hiyo shule.

Ndiyo, umesoma vizuri. Gredi ya Saba ni mwanzo mpya kwa kila mtoto nchi hii. Waandikishe wote wawili kwa shule ya junior sekondari ya serikali hapo hapo mtaani, waende kwa miguu pamoja, na ile pesa mliyokuwa mnamlipia mmoja ifanye kazi kwa wawili: kiamsha kinywa, vitabu vyao wenyewe, macho, sare, na stima ya kusomea. Waiyego atakosa basi la mlangoni. Sitakudanganya kwamba hatakosa kitu kingine chochote, darasa litakuwa limejaa na mwalimu hatakutumia ujumbe kila saa. Ndiyo maana wiki ya kwanza utafunga duka, kwa vile nimeona unajua kulifunga, uende ukamwone mwalimu wa darasa uso kwa uso, umwambie watoto hawa wawili hawaoni mbali na wakae mbele. Na urudi tena katikati ya muhula uone kama bado wako mbele.

Lakini kabla ya hayo yote uende Sugoi. Usiende kwa simu, Nyaguthii hataichukua na ningekuwa yeye nisingeichukua pia. Nenda na Waiyego, na afike huko amevaa miwani yake. Ingia jikoni kwa mdogo wako, kaa mahali atakapokukalisha, na uombe msamaha kwanza kwa Kabura, halafu kwa mama yake, kwa mpangilio huo. Usianze kueleza hofu zako, hakuna aliyeziuliza. Mchukue Kabura siku hiyo hiyo umrudishe mjini umpeleke apimwe macho kwa kliniki, usimpe tu namba za miwani ya dada yake ukadhani kwa kuwa wanafanana kila kitu ni sawa, na atoke huko na miwani yake, isiyogawanywa na mtu. Kama wana wadogo zao pale nyumbani, wao pia wapimwe. Hii haingoji Januari wala makubaliano yoyote. Hata mkikosana na Nyaguthii kwa mengine yote, mtoto avae miwani.

Kisha mweleze Nyaguthii mpango wa shule kama ombi, kwa sababu ni ombi. Usisahau unamwomba mtoto wa pili mtu ambaye tayari alikupa mmoja. Akisema hapana, Kabura abaki na mama yake, mheshimu, na pesa ile ile imfuate Sugoi: vitabu vyake, chakula cha shule kilipwe mapema asirudishwe, na Thuo atafutiwe mtu wa kumsaidia palizi ili mtoto asitolewe darasani. Kusoma hakuanzi ukifika Eldoret. Akisema ndiyo, basi likizo zote wote wawili wako kwa mama yao, na Waiyego ashike jembe huko kama mwenzake, na ajue nyumba ile si ya kutembelea. Naye Thuo umuulize anaonaje. Mtu aliyekuwa ananyamaza nyinyi mkicheka mama yake, nadhani ana neno.

La mwisho, na hili nalisema kwa ukali kwa sababu nimeliona katika nyumba nyingi za watu wazuri. Kabura akija kwako usimgeuze msichana wa kazi. Umeniandikia anaamka kabla ya kuku na kufagia, na hukuandika kwamba ulimwambia arudi kulala. Mtoto wa ndugu akiletwa mjini kusoma, polepole anaanza kuosha vyombo wakati mtoto wa mwenye nyumba anafanya homework, na mwisho wa mwaka watu wanashangaa kwa nini mmoja ameanguka. Vyombo vikiwepo, vioshwe na wote. Kitanda kiwe sawa, sahani iwe sawa, na ukimpigia makofi mmoja angalia mwingine amesimama wapi.

Mawazo yatosha sasa, Wacera, fungua duka, uwape watu maziwa yao, na Jumatatu asubuhi uwe njiani kwenda Sugoi. Nyaguthii akikubali, Januari nataka wasichana hao waingie darasa moja kwa mlango mmoja, na taabu pekee watakayompa mwalimu iwe kwamba muhula mzima umeisha, amesahihisha kazi zao zote, na bado hawezi kusema ni yupi alilelewa wapi.